Betri ya UPS Imekufa: Ifufuliwe au Ibadilishwe?

FUNDI ANAJIBU

Karibu barua zote za mwezi huu zinalalamikia jambo moja: UPS (kile kisanduku chenye betri cha kuiokoa kompyuta umeme unapokatika) inawaka, taa ya kijani ipo, lakini umeme ukikatika na kompyuta inazimika nao. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Walioniuliza habari za printa na spika wanivumilie, zamu yao inakuja.

Volti zipo, nguvu haipo

*Fundi, salaam. UPS yangu inaingia mwaka wa nne. Zamani ilikuwa inanipa kama dakika kumi hivi, zinanitosha kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta bila haraka. Siku hizi umeme ukikatika inalia mara moja tu na kila kitu kinazimika hapo hapo. Niliifungua, nikaipima betri kwa mita, ikasoma volti 12.9. Juu ya betri pameandikwa volti 12. Sasa kama volti zimetimia na chenji imebaki, ubovu uko wapi? Nachelea kununua betri mpya halafu nikute mbovu ni UPS yenyewe.*
*— Mhasibu anayefanyia kazi nyumbani*

Mhasibu, umefanya vyema kupima kabla ya kufungua pochi. Ila umeipima betri ikiwa imekaa bure, na betri iliyokaa bure hujisifu. Ndani ya hilo boksi jeusi mna seli sita, kila moja ina volti 2 na ushei. Volti hizo hutokana na risasi na tindikali kukutana. Hazijali kama risasi inayofanya kazi ni nyingi au imebaki kidogo. Seli yenye mabamba mazima na seli ambayo mabamba yake yameganda robo tatu zitasoma karibu sawa kwenye mita. Chukulia pipa lililojaa mchanga: ukichungulia juu unaona maji yamefika ukingoni, ukichota kopo la pili umeshagusa mchanga. Mita yako imechungulia tu, haijachota.

Betri hupimwa ikiwa kazini. Mezani kwangu kuna taa ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, iliyotiwa nyaya mbili zenye vibanio. Sina kifaa ninachokiamini kuliko hicho. Taa hiyo hula ampea 1.75 hivi. Ichaji betri ijae, iache ipumzike saa chache, kisha bana taa kwenye betri na mita juu yake, utazame namba. Betri nzima ya ampea-saa 7 (kipimo cha kiasi cha umeme inachobeba) itashuka kidogo, itatulia kwenye volti 12 na pointi kadhaa, halafu itateremka polepole. Mpya kabisa huiwasha taa hiyo kwa takribani saa tatu kabla ya kufika volti 10.5, na hapo ndipo pa kusimama, usiinyonye zaidi. Yako, kwa dalili ulizozitaja, sitashangaa ikianguka hadi 10 au 9 kabla hujamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Ukiitoa taa itarudi tena 12 na kitu, itulie hapo kana kwamba hakuna lililotokea. Usiihurumie.

Na taa hiyo ni mzigo mdogo sana. Ampea-saa 7 zilizoandikwa kwenye betri zimepimwa kwa kuinyonya taratibu, ampea 0.35 kwa saa 20. UPS hainyonyi hivyo. Kompyuta na skrini vinavyokula wati 300 vinaidai betri moja ya volti 12 ampea 25, na ukiongeza zinazopotea njiani unakaribia 30. Kwa kasi hiyo hata betri mpya inatoa dakika chache tu. Betri iliyochoka haiwezi kabisa: volti zinaporomoka ndani ya sekunde, UPS inaona imefika chini, inakata ili kujilinda. Huo mlio mmoja uliousikia ndio huo.

Sasa wasiwasi wako wa UPS yenyewe. Umeshajijibu bila kujua. Chaja ya ndani ya UPS huishikilia betri kwenye volti 13.5 hadi 13.8 muda wote ikiwa imechomekwa. Betri uliyoitoa humo ikasoma 12.9 ni betri iliyokuwa inapokea chaji. Kwa hiyo chaja iko hai. Ingekuwa imeshinda kutwa nzima kwenye umeme kisha inasoma 12.2, ningeishuku chaja. Na kama ukiitoa na kuipima papo hapo unakuta zaidi ya 14, hapo tatizo ni kubwa, maana chaja inaipika betri, na ukiweka mpya itaipika nayo. Hizo mbili ndizo safari za kwa fundi. Yako ni safari ya kununua betri.

Kabla ya kuitoa tena, zima UPS, chomoa plagi ukutani, chomoa na vyote vilivyochomekwa nyuma yake. Nasisitiza plagi ya ukutani kwa sababu UPS nyingi za bei nafuu hazijatenganisha nyaya za betri na umeme mkubwa. Mtu anajiambia "volti 12 haziui", anashika waya wa betri huku UPS imechomekwa, kumbe ameshika umeme wa ukutani. Ndiyo maana sikushauri upime chaja ukiwa umechomeka.

Dukani uende na betri kuukuu mkononi, au angalau picha yake. Tazama mambo haya. Volti 12, bila shaka. Ampea-saa 7, 7.2 na 9 mara nyingi hukaa kwenye boksi la vipimo vilevile, milimita 151 kwa 65, kimo 94 au 100 ukihesabu na vichwa vyake, kwa hiyo 9 inaweza kuingia penye 7 na ikakuongezea muda kidogo. Vichwa vya kuchomekea nyaya viko vya aina mbili, upana wa milimita 4.8 na 6.35, ukinunua vipana na nyaya zako ni za vyembamba utaanza kulazimisha kwa koleo, na waya uliolegea kwenye ampea 25 huyeyuka. Kisha ipime uzito kwa mkono. Betri ya kweli ya ampea-saa 7 ina kilo 2 na zaidi kwa sababu ni risasi tupu. Ikiwa nyepesi kama boksi la chaki, iache hapo hapo, hata kama karatasi yake imeandikwa 9.

Mwisho, mwombe muuzaji mita. Betri hizi hujichosha zenyewe zikikaa rafuni, kama asilimia 3 kwa mwezi penye ubaridi, zaidi penye joto, na zinatakiwa kuchajiwa upya kila baada ya miezi sita hivi. Ikisoma chini ya 12.5, imeshinda rafuni muda mrefu. Chagua nyingine. Muuzaji akinuna, nuna naye.

Unapoifunga, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Cheche ndogo waya wa mwisho unapogusa ni ya kawaida, kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme ndani ya sakiti) zinajaa. Iache ichaji usiku kucha kabla ya kuijaribu.

Ilikaa stoo mwaka mzima

*Fundi shikamoo. Nasimamia maktaba ndogo ya shule. Tulipata UPS ambayo ilikuwa imewekwa stoo karibu mwaka mzima bila kuchomekwa. Ukiiwasha haifanyi kitu. Betri inapimwa volti 4 tu. Mwalimu mwenzangu ameona kwenye video kwamba tuifungue tuongeze maji. Kijana wa karakana anasema aipige shoti na mashine ya kuchomelea vyuma, itaamka. Mwingine analeta habari za chumvi ya Epsom. Hatuna fungu la kununua mpya mwaka huu. Tufuate ushauri wa nani?*
*— Mwalimu wa maktaba*

Marahaba, mwalimu. Wa kwanza ana nusu ya hoja, wa pili mnyang'anyeni hiyo mashine, wa tatu mwacheni na chumvi yake.

Betri hufa kwa njia kadhaa, na dawa ya kifo kimoja haitibu kingine. Iliyozeeka ndani ya UPS, ya miaka mitatu hadi mitano, huwa mabamba yake ya chanya yameliwa na kutu na maji yake yamekauka, hiyo hairudi. Yenu ni tofauti, imeachwa na njaa. Betri inapotoa umeme, risasi ya mabamba yote mawili hugeuka salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo ikiwa bado laini hurudi kuwa risasi na tindikali kama ilivyokuwa. Ikiachwa miezi, inakuwa fuwele kubwa ngumu zinazolifunika bamba, na fuwele hizo hazipitishi umeme. Kisa hiki ndicho chenye tumaini. Si kubwa, lakini lipo.

Mtakachogundua kwanza ni kwamba UPS yenyewe haitaki kuichaji. UPS nyingi haziwaki kabisa bila betri yenye uhai, na chaja nyingi za kisasa zikiona volti 4 zinasema betri ni mbovu na kukataa. Tafuteni chaja au pawasaplai ambayo unaweza kuiwekea kikomo cha volti na kikomo cha ampea. Maabara ya fizikia huenda ikawa nayo. Wekeni volti 14.4, ampea zisizidi 0.5. Hakikisheni chanya kwa chanya, kisha washeni.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitaeleza mtakachokiona. Volti zitaruka hadi 14.4 mara moja na ampea zitasoma sifuri, au 0.01. Itaonekana kama betri imejaa. Haijajaa, fuwele zimeziba njia. Iacheni hivyo hivyo, mahali penye hewa, pasipo na moto wala sigara. Pengine baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, ampea zitaanza kupanda zenyewe: 0.05, 0.1, 0.2. Mkiona hivyo, kuna kitu kinayeyuka ndani. Zitapanda hadi kikomo mlichoweka, zitakaa hapo, kisha zitaanza kushuka tena kadiri betri inavyojaa. Kila mara wekeni kiganja ubavuni mwake. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto wa kukufanya utoe mkono, zimeni, na msiirudie. Kama siku mbili zimepita na ampea bado sifuri, basi.

Ampea zikishuka chini ya 0.1, itoeni, ilale bila kuguswa, mpime siku inayofuata. Ikisoma 12.7 au zaidi, nendeni kwenye jaribio la taa ya indiketa nililomweleza mhasibu. Ikisoma 10.5 na kitu, seli moja kati ya sita imeshikana ndani na hakuna wa kuishikanua. Ikifaulu nusunusu, ichajini na kuinyonya kwa taa hadi 10.5 tena mara mbili tatu. Kila mzunguko huweza kurudisha kiasi fulani. Andikeni dakika za kila mzunguko ukutani. Namba zikiacha kupanda, hapo ndipo kimo chake kilipoishia.

Na sasa neno ambalo video hazisemi. Tuseme imerudi hadi nusu. Kwenye taa mtafurahi, itawaka saa moja na nusu. Kwenye UPS yenye kompyuta ya wati 300 bado itaporomoka, kwa sababu fuwele zilizobaki huongeza ukinzani wa ndani, na ukinzani huo hauonekani kwenye mzigo mdogo. Betri iliyofufuliwa ni ya kazi nyepesi. Ipeni taa ya LED ya kusomea au ruta ya volti 12, iliyowekewa fyuzi kwenye waya wa chanya, mtaishi nayo vizuri. Kompyuta yenye orodha ya vitabu vyote vya shule msiiwekee dhamana ya mgonjwa. UPS isubiri fungu.

Nirudi kwa mwalimu wa maji. Betri hizi huitwa za kufungwa, lakini si kwamba hazina majimaji. Tindikali imenyonywa na sufi ya nyuzi za kioo iliyobanwa kati ya mabamba. Ukibandua kifuniko cha juu, kilichogandishwa kwa gundi hapa na pale, unakuta vifuniko sita vya mpira, ambavyo ni valvu za kupumulia. Betri iliyopikwa na joto miaka mingi hupoteza maji kupitia hapo, sufi ikakauka, na mililita chache za maji yaliyokenekwa kwa kila seli zinaweza kuirudishia uhai wa muda. Ni maji tu, yaliyokenekwa, na kiasi cha kulowesha sufi bila kutuama juu yake. Kamwe msiongeze tindikali. Kilichotoweka ni maji. Tindikali haikwenda kokote, iko ndani au imejifunga kwenye salfeti, na mkiongeza nyingine mnaharakisha kuliwa kwa mabamba. Lakini betri yenu haikukauka, ilikaa stoo imepoa. Kuimwagia maji ni kumpa dawa ya macho anayeumwa goti. Msiifungue.

Shoti ya mashine ya kuchomelea nimeshaona matokeo yake: kifuniko kwenye dari na tindikali ukutani. Betri inayosukumiwa umeme mwingi hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inalipuka kwa cheche moja. Mashine hiyo kazi yake yote ni cheche. Tindikali ikimwingia mtu machoni hakuna UPS inayofidia. Atakayeshika betri yoyote iliyofunguka avae glavu na miwani; ikimwagika sakafuni mwagieni magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji hadi povu likome, na ikigusa ngozi au jicho ni maji mengi yanayotiririka, kisha hospitali kwa jicho.

Kuhusu chumvi ya Epsom, jina lake la kemia ni magnesiamu salfeti. Mnataka kupunguza salfeti, mnaongezaje nyingine?

Nilibadilisha moja kati ya mbili

*Fundi, UPS yetu ya ofisini ina betri mbili zilizoungwa pamoja. Tulikuta moja imekufa tukaibadilisha, nyingine ilikuwa bado ina volti tukaiacha kubana matumizi. Miezi michache baadaye ile mpya ndiyo imevimba! Tumeuziwa feki?*
*— Katibu muhtasi*

Dada, huenda hamkuuziwa feki. Betri mbili zilizoungwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hupokea chaji kutoka chaja moja, na chaja haiwajui wawili hao mmoja mmoja, inaona jumla tu. Kwenye mfumo wa volti 24 inashikilia jumla ya 27.3 hivi, ikitegemea kila mmoja achukue nusu. Fanya hesabu ya mlichokuwa nacho. Tuseme ile ya zamani seli yake moja ilishikana baadaye. Imebaki na tano, inachukua 11.3. Jumla haibadiliki, kwa hiyo 16 zote zilizobaki zinaangukia ile mpya, mchana na usiku. Betri ya volti 12 ikishikiliwa kwenye 16 inachemka, inakauka, inavimba. Mpya imeuawa na ya zamani.

Badilisheni zote mbili kwa pamoja, aina moja, ampea-saa sawa, tarehe ya kutengenezwa ileile ikiwezekana. Ule waya mfupi unaoziunganisha, na fyuzi yake kama ipo, usitupwe na betri kuukuu. Watu wengi huukumbuka wakiwa wamesharudi nyumbani.

Imevimba, haitoki

*Betri imejaa ndani ya UPS haivutiki. Nimejaribu bisibisi na kisu. Nifanyeje?*
*— Mwanafunzi wa chuo*

Kwanza weka chini hicho kisu. Chuma kati ya vichwa viwili ni shoti, na chuma ubavuni mwa betri iliyovimba ni tundu la tindikali.

Zima, chomoa, ibebe UPS nzima uipeleke penye hewa nje ya chumba unacholala, iache ipoe hadi kesho. Kisha usiivute betri, ifungue nyumba yake. Geuza UPS, tafuta skrubu zote, na zilizojificha chini ya stika na miguu ya mpira pia, tenganisha ganda vipande viwili. Chomoa nyaya kwenye vichwa vya betri, hasi kwanza, huku hugusi chochote kwenye ile sakiti, kwani kapasita zake hubaki na umeme. Mara nyingi betri ikishakosa ganda la kuibana inateleza yenyewe. Isipotoka hapo, kata plastiki ya ganda, si betri.

Usiweke mpya kabla hujajua kwa nini ile ilivimba. Betri ikipata joto hupokea ampea zaidi, ampea zaidi huongeza joto, wakazidishiana hivyo mpaka ganda linalainika. Mara chaja ndiyo imeasi. Mara ni mahali tu: UPS imesukumwa ndani ya kabati chini ya meza, matundu yake yameelekea ukutani, vumbi limeyaziba. Betri hizi zimekusudiwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa kila nyuzi 10 zinazozidi hapo, maisha yake yanakatika karibu nusu. Kwenye nyuzi 35 usitegemee ile miaka minne ya mhasibu.

Betri ya gari na ya lithiamu

*Kaka fundi, nina betri ya gari ya ampea-saa 60 ambayo imekaa tu haitumiki. Nikiiunga kwenye UPS yangu si nitapata umeme wa saa nyingi? Na hizi za lithiamu je?*
*— Msomaji wa siku nyingi*

Itawaka, kaka, hilo sikukatalii. Ndiyo maana watu huifanya. Lakini transfoma na vipozeo vya UPS ndogo vimetengenezwa kuvumilia kazi ya dakika chache, kwa sababu mtengenezaji alijua betri itaisha kabla havijapata moto. Ukimpa betri isiyoisha, anayeisha ni yeye. Chaja yake nayo mara nyingi haifiki ampea 1: kwa 0.7 betri ya 60 iliyomalizika inahitaji siku tatu na nusu kujaa, na kama umeme unakatika kila siku haitajaa maisha. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kuchajiwa hapo hapo. Ukiimaliza kila jioni mabamba yake membamba hayachukui muda mrefu. Na inatoa hewa na mvuke wa tindikali chumbani. Anayetaka saa nyingi anunue inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) yenye chaja yake na betri za kazi hiyo.

Ya lithiamu, ile ya chuma fosfeti yenye volti 12.8, inakaribia kuingia vizuri, maana chaja ya UPS ya 13.6 huijaza karibu yote. Anayeharibu mambo ni bodi ya ulinzi iliyomo ndani yake. Soma ampea inazoruhusu kutoka muda wote bila kukata. Kama imeandikwa 10 na mzigo wako unadai 25, umeme ukikatika bodi inakata na umerudi kwenye mlio mmoja wa mhasibu. Ukipata inayoruhusu 30, jaribu, ila puuza makisio ya dakika kwenye kioo cha UPS. Yamepangiwa tabia ya risasi.

Mbovu nizitupe wapi?

*Nina betri tatu mbovu za UPS uvunguni mwa kitanda. Jirani anaziomba, azivunje ayeyushe risasi atengeneze chubwi za kuvulia. Nimpe?*
*— Mama wa watoto wawili*

Usimpe, dada, na uvunguni pia zitoe leo. Moshi wa risasi inayoyeyushwa na vumbi lake huingia mwilini na kukaa, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, akili zao zikiwa bado zinakua. Usizifukie wala kuzichoma. Funika vichwa vyake kwa utepe wa gundi, zisimamishe wima ndani ya beseni la plastiki mbali na watoto, kisha zipeleke kwa wanaokusanya betri za magari, wengi huzipokea na hizi maana risasi yake hurudi kiwandani kutengeneza nyingine. Wauzaji kadhaa pia hukupunguzia bei ya mpya ukiwaachia kuukuu, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Ukimaliza kuzibeba, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.